Malizia, Mkurugenzi

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tuliseme mapema, mtu asije akapata taabu ya kumtafuta. Wajinga wengine walikuwepo ukumbini, tena wenye suti nzuri kuliko yake, na kila mmoja alijitahidi kwa kadiri ya uwezo wake, lakini hakuna aliyemfikia.

Kazini walimwita Mizani. Jina hilo alijibatiza mwenyewe, zamani, wakati tumbo lake bado linaingia ndani ya mkanda. Kila alipofungua kipindi chake cha siasa pale kwenye kituo cha televisheni, alikuwa akisema, "Mimi sina upande, nina mizani." Watu wakazoea. Hata muuza magazeti wa kona, akimkabidhi gazeti, humwuliza kama analichukua hivi hivi au analipima kwanza.

Kipaji chake kilikuwa kubandika watu majina. Mwanasiasa hakupita mikononi mwake akatoka mtupu. Waziri, aliyekaa serikalini mpaka viti vikamzoea, alimbandika "mkongwe". Wakili, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu aliyekuwa akigombea dhidi ya Waziri, alimbandika "machachari". Hayo ni maneno mawili madogo, hayaumi, hayavuji damu. Ila Mkongwe akipiga meza, Mizani alisema "amesisitiza". Machachari akipiga meza ile ile, Mizani alisema "amefoka". Mwenyewe hakuona tofauti. Alikuwa anachagua maneno kama mtu anavyochagua soksi asubuhi gizani, na bahati mbaya kila siku zilitoka zile zile.

Basi ukafika uchaguzi, na kituo kikapewa kazi ya kuandaa mijadala miwili ya wagombea. Wa kwanza ungeongozwa na Mizani, na kama asingeharibu, wa pili pia ungekuwa wake. Aliutaka ule wa pili kuliko alivyoutaka wa kwanza. Wa pili ndio ungekuwa wa mwisho kabla ya kura, ndio ambao watu wangeukumbuka, na yeye alikuwa amefika umri ambao mtu anaanza kujiuliza atakumbukwa kwa lipi.

Sasa, mjadala wa televisheni haupikwi siku moja. Taa zinapangwa kwa urefu wa mtu, kamera vilevile, na wagombea hawana muda wa kuja kusimama juani mwa taa wiki nzima ili fundi atafute kivuli cha pua. Kwa hiyo kituo huweka watu wa kuwashikia nafasi. Anatafutwa mfanyakazi mrefu kama huyu, na mwingine mfupi kama yule, wanasimamishwa penye vimimbari, wanaulizwa maswali, wanajibu lolote linalokuja mdomoni, na kazi inaendelea.

Waziri alikuwa mtu mrefu, mpana mabegani. Kituo kizima, mwenye urefu huo alikuwa mmoja tu: Mkurugenzi. Wakili alikuwa mfupi, na mfupi wa kutosha alikuwa dada yake Mizani.

Huyu dada ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Mizani akiwa bado anasimama juu ya kigoda ili afikie meza, na dada, aliyekuwa ameolewa juzijuzi, akamchukua akaenda naye kwa mumewe kama mtu anayekwenda na sanduku la pili. Baadaye sana, mume akiwa ameshatangulia mbele ya haki na Mizani ameshakuwa mtu wa kuonekana kwenye kioo, akamtafutia kazi kituoni ya kutunza mavazi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya studio: pasi, ubao wa kupigia pasi, kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na beseni. Zile poda wanazopakwa watangazaji huhamia kwenye kola za mashati, na mashine ya kufulia haiziwezi. Lazima kipande cha sabuni kisuguliwe kwenye kola kavu kabla haijaona maji. Dada alisugua. Mashati mengi ya Mizani yalipita hapo, na wote wawili walizoea hivyo.

Wiki nzima ya mazoezi ilikwenda hivi:

"Mgombea," Mizani anamwambia dada yake, "ukichaguliwa utafanya nini kuhusu maji?"

"Nitayafungua. Bomba la chumbani kwangu halitoi kitu. Fundi akija analitazama, anatikisa kichwa, anaondoka nacho."

"Muda, dada."

"Mbona sijafika hata kwenye—"

"Dada, subiri. Mkurugenzi, na wewe?"

Mkurugenzi anashika kimimbari kwa mikono miwili. Anaeleza habari za goti lake. Daktari wa kwanza alisema ni baridi, wa pili akasema ni uzito, na yeye anamwamini zaidi yule wa kwanza. Kutoka kwenye goti anahamia kwenye banda lake la kuku. Saa mbele yake imeshawaka nyekundu, inawakawaka kama jicho la mtu mwenye usingizi, na Mizani anaitikia kwa kichwa taratibu.

"Naam. Naam. Malizia, Mkurugenzi."

Nani atamkatiza bosi wake kwenye habari za goti? Na nani hamkatizi dada yake? Kila alasiri, kwa wiki nzima, upande wa kushoto ulipewa "malizia" na upande wa kulia ukapewa "subiri". Mafundi walicheka. Dada naye alicheka, siku za mwanzo. Wahenga wanasema mazoea yana taabu, lakini wahenga hawakuwahi kuongoza mjadala, ndiyo maana Mizani hakuwasikiliza.

Jioni ya mjadala ikafika. Ukumbi ulijaa, taa zikawashwa, Waziri akasimama kushoto, Wakili kulia. Mizani alikuwa na maswali aliyoyapima kwa mikono yake mwenyewe, na lile alilojivunia zaidi ni lile la historia. Kila mgombea angefananishwa na mtu mmoja wa kale. Kila mmoja na mzimu wake, haki sawa.

Akamgeukia Waziri. "Mheshimiwa, wapo wanaokufananisha na mwasisi wa taifa letu. Unalipokeaje hilo?"

Waziri alilipokea vizuri sana. Alilipokea mpaka saa ikawaka nyekundu, na baada ya hapo akaendelea kulipokea.

Akamgeukia Wakili. "Na wewe, wapo wanaosema msimamo wako mkali ni wa Mzee Nidhamu. Kwamba ukichaguliwa tutakuwa na Nidhamu wa pili. Unasemaje?"

Mzee Nidhamu ndiye aliyetawala zamani, wakati watu walipokuwa wakinong'ona hata mbele ya ukuta kwa kuogopa kuwa ukuta ndio utakaowasema. Jina hilo alipewa kwa sababu kila aliyefungwa alifungwa kwa ajili ya nidhamu. Huyo ndiye mzimu wa Wakili. Mizani alikuwa amepima mizimu miwili, akaridhika kuwa ni miwili kwa hesabu, asikumbuke kuwa mmoja unawekewa maua na mwingine watu bado wanauota wakiamka wana jasho.

Wakili alianza kujibu. "Kwanza ningependa kujua hao 'wapo' ni akina nani, maana nawasikia kila siku kwenye kipindi chako na sijawahi—"

"Dada, subiri," alisema Mizani.

Ilitoka yenyewe. Ilitoka kama kikohozi. Hakuisikia hata yeye, kwa sababu shingo ilikuwa imeshageuka kushoto, na Waziri alikuwa ameinua kidole akitaka kuongeza kidogo, na mdomo wa Mizani, uliofundishwa kwa wiki nzima na goti lisilo lake, ukasema kwa upole, mbele ya nchi nzima:

"Malizia, Mkurugenzi."

Waziri akashusha kidole. Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu safu, halafu nusu ya ukumbi.

Wakili alingoja kicheko kiishe. "Mimi si dada yako, ndugu mwongozaji," alisema. "Lakini huyo Mkurugenzi, ningependa nimjue. Kampuni yenyewe ni ipi?"

Mambo mengine yaliyosemwa jioni ile hakuna anayeyakumbuka.

Asubuhi, muuza magazeti hakumwuliza kuhusu kupima. Alimnyooshea gazeti lililokunjwa, akatazama pembeni kama mtu anayempa mwenzake nguo iliyodondoka. Juu kabisa, kwa herufi nene: KENGELE AMERUDI. Kengele alikuwa mtangazaji wa redio wa enzi za Mzee Nidhamu, mwenye sauti ya asali, ambaye kila jioni kabla ya taarifa ya habari alisoma majina ya watu wanaotakiwa kukamatwa. Chini ya maneno hayo ilikaa picha ya Mizani, shingo imegeuka kushoto, anatabasamu.

Getini mlinzi alimpigia saluti ya kejeli. "Karibu, Mkurugenzi mdogo."

"Fungua geti, mzee."

"Nasubiri uniambie nimalizie."

Mpaka anafika kwenye meza yake, simu ilikuwa imejaa ujumbe. Watu wa Wakili walimwita kibaraka. Watu wa Waziri, ambao ungedhani wangemshukuru, walimwita mamluki: walisema alitumwa na upinzani kumfanya mgombea wao aonekane ni bosi wa kituo. Kabla ya chai alikuwa kibaraka, baada ya chai akawa mamluki, na alipokwenda kunawa mikono, msichana wa mapokezi alimsimulia mwenzake, bila kujua nani yuko nyuma ya mlango, kwamba huyu bwana ni mtu wa mrengo gani sijui, aliusikia lakini umemtoka.

Alijitazama kwenye kioo. Uso ulikuwa wa mtu aliyelala na viatu. Miaka yote aliwabandika wengine majina, hakuwahi kujua kwamba gundi inawasha. Mkuki kwa nguruwe, alijisemea, na hata methali yenyewe hakuwa na nguvu ya kuimalizia.

Mkurugenzi alimwita. Alikuwa amekaa, mguu wenye goti umeinuliwa juu ya kiti kingine.

"Wamepiga simu," alisema. "Pande zote mbili. Hawakubaliani hata jua linachomoza wapi, lakini kwako wamekubaliana. Hawaji kwenye mjadala wa pili ukiwepo wewe."

"Mkurugenzi, tuwaeleze ukweli. Nilikuzoea wewe pale kushoto, nikamzoea dada pale kulia. Basi."

"Ukisema hivyo watasema mwenye mkono ni mimi."

"Lakini si siasa. Ni woga tu wa kazi."

"Hilo ndilo baya zaidi," alisema Mkurugenzi, akajikanda goti. "Upendeleo wa siasa watu wanausamehe."

Nje, mtu aliburuta kiti sakafuni. Mizani aliona mjadala wa pili unaondoka kama basi, na yeye amesimama kituoni na tiketi mkononi. Hapo ndipo, kwa uchovu zaidi kuliko kwa hila, alipotoa neno ambalo hakuwahi kulitoa kazini, akalitoa kama mtu anayetoa kitambulisho getini.

"Mimi niitwe Kengele? Mimi? Shemeji yangu alifungwa na Mzee Nidhamu. Mume wa dada. Kengele mwenyewe ndiye aliyemsoma."

Mkurugenzi akashusha mguu.

"Huyu dada wa kwenye mavazi?"

"Huyu huyu."

"Na muda wote huu umenyamaza?" Sasa alikuwa amesimama, goti limesahauliwa. "Kesho asubuhi, kipindi cha kwanza. Mama wa watu anakaa kwenye kochi, anasimulia. Mnyonge, mjane, mfanyakazi wetu. Unamuuliza wewe mwenyewe. Nani atakuita Kengele tena? Wenyewe watakuombea mjadala wa pili. Bila hivyo, nampa mwingine. Nenda kamwambie."

Mizani akaenda. Njiani, kwenye kile kijia chembamba nyuma ya studio chenye nyaya zilizokunjwa kama nyoka wavivu, alijiambia kuwa anakwenda kuomba jambo dogo.

Dada alikuwa ameinama kwenye beseni, shati la jana la Mizani mkononi, kola imekunjuliwa. Bomba lilikuwa bado bovu. Maji aliyachota chooni kwa ndoo.

"Umekula?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimekunywa chai."

"Ya kibaraka au ya mamluki?"

Mizani alicheka kidogo, akaketi juu ya sanduku la viatu. Harufu ya chumba kile, mvuke na sabuni, ilikuwa ndiyo harufu ya utoto wake. Akamweleza yote: magazeti, simu, Mkurugenzi, kochi la asubuhi. Dada aliendelea kusugua, kipande cha sabuni kinakwenda na kurudi juu ya doa la poda.

"Na wanataka niseme nini?"

"Ukweli tu. Kwamba shemeji alifungwa. Kwamba mimi nilikuwa mtoto ndani ya nyumba ile. Basi, watu watajumlisha wenyewe."

"Atakayeniuliza ni nani?"

"Ni mimi."

"Utanikatiza?"

Mizani alitabasamu, akaona kuwa ametabasamu peke yake.

"Dada, yale yalikuwa mazoezi."

"Najua. Uliyafanya vizuri." Alilichovya shati, akalitoa. "Kwa nini usiseme lile la kweli, kwamba ulimzoea bosi wako?"

"Mkurugenzi hataki. Anasema litamchafua."

"Kwa hiyo ya Mkurugenzi yanafichwa kabatini, yangu yanaanikwa kambani."

"Si kuanika, dada. Ni dakika chache. Hujui wanavyonitenda. Toka asubuhi majina, majina, majina. Watu wananigeuzia shingo. Hata enzi za Mzee Nidhamu nadhani—"

Alinyamaza mwenyewe, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Mkono wa dada ulisimama juu ya kola.

"Jioni ile tulikuwa mezani," dada alisema. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ya mtu anayesoma maelekezo nyuma ya pakiti. "Wewe ulikuwa unachambua maharage, mabovu unayaweka ukingoni mwa sahani. Kengele akasema 'mhaini', halafu ndiyo akasema jina la shemeji yako. Kila siku alianza na jina la kubandika, la mzazi linafuata. Alikuwa na sauti nzuri. Nilikuwa naipenda, kabla ya hapo. Ukiwa hewani, wakati mwingine nasikia kama—" Hakumalizia. "Shemeji yako akafuta mdomo, akavaa viatu, akahamishia kiti karibu na mlango. Nikamwuliza unafanya nini. Akasema, wasije wakamwamsha mtoto wakinitafuta."

Mizani alitazama sakafu. Alikumbuka maharage. Hakukumbuka kiti. Alikumbuka pia kwamba shemeji alirudi baada ya miaka, mwembamba, na kwamba saa ya taarifa ya habari ikifika alikuwa anainuka kimya anakwenda kuoga, hata kama ameshaoga. Na shuleni walimwita yeye shemeji wa mhaini, wengine kwa chuki, wengi kwa kuzoea tu.

Angeweza kunyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini tulishakubaliana tangu mwanzo mjinga alikuwa nani.

"Ndiyo maana nasema, dada. Wewe unajua jina la kubandikwa lilivyo. Hili litanikaa mpaka nife. Nikikosa mjadala wa pili, nimekwisha, nitakuwa Kengele moja kwa moja. Shemeji angekuwepo angekubali, alinipenda. Neno moja tu kutoka kwako na jina hili linatoka."

Dada aliikamua kola, akaikunjua, akaiinua kwenye mwanga wa kidirisha. Doa lilikuwa limefifia lakini lilikuwepo. Akalitundika shati kambani, likaanza kudondosha matone kati yao, akajifuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Mdogo wangu," alisema, "mume wangu alizikwa na jina lake halijafuliwa, na hakumwomba mtu amfulie. Sitamfukua leo awe sabuni yako."